John Goodricke, kiziwi aliyehesabu kufifia kwa nyota

John Goodricke alizaliwa mwaka 1764 mjini Groningen, Uholanzi, kwa baba Mwingereza. Akiwa bado mtoto mdogo aliugua, akawa kiziwi. Wazazi wake walimpeleka Edinburgh, katika shule ya viziwi ya Thomas Braidwood. Zama zile wengi waliamini kwamba asiyesikia hana lugha, na asiye na lugha hana akili. Goodricke alipata lugha, kisha akasoma hisabati huko Warrington.

Mjini York, jirani yake Edward Pigott alimwingiza katika utafiti wa nyota zinazobadilika mwanga. Tarehe 12 Novemba 1782 Goodricke aliiona Algol imefifia. Jina hilo latoka katika Kiarabu, ras al-ghul, yaani kichwa cha zimwi. Ras hiyo ndiyo rasi yetu ya Kiswahili. Hakuwa na chombo cha kupima mwanga. Aliilinganisha Algol na nyota za karibu, usiku baada ya usiku, akiandika saa. Akagundua kwamba hufifia kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 hivi.

Alitoa maelezo mawili: ama kitu cheusi kinaizunguka nyota na kuikinga, ama nyota yenyewe inajizungusha na ina upande wenye madoa. Mwaka 1783 alitunukiwa Nishani ya Copley, naye ana miaka 19. Alifariki tarehe 20 Aprili 1786, akiwa na miaka 21.

Mwaka 1889 Hermann Vogel alithibitisha maelezo ya kwanza. Wazo la pili halikupotea: ndilo linalotumika kwa asteroidi. Jiwe refu linapojizungusha angani, mara latuonyesha ubavu mpana, mara ncha nyembamba, na mwanga wake hupanda na kushuka mara mbili kwa kila mzunguko. Ndivyo tunavyojua kwamba Eros hujizungusha kwa saa 5 na dakika 16.

Katika masomo yetu ya isimu, mara nyingi tunaifafanua lugha kwa kuanzia na sauti. Kwa fasili hiyo, Goodricke angebaki nje ya mlango wa kitivo chetu, pamoja na viziwi wote wa mji huu wanaozungumza kwa mikono. Naona fasili ndiyo ya kurekebishwa.