Kaggia alipoulizwa amejifanyia nini

Aprili 1965, Rais Jomo Kenyatta alihutubia umati mjini Kandara, Murang'a. Mbele ya wapigakura, alimgeukia mbunge wao, Bildad Kaggia, na kumsuta. Aliwataja Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba, waliofungwa pamoja nao enzi za ukoloni na ambao sasa walikuwa na mashamba na mali, kisha akamtaka Kaggia aeleze yeye amejifanyia nini.

Karipio hilo lilikusudiwa kumwaibisha. Badala yake, ndilo lililompa sifa ambayo hadi leo haijafutika.

Kaggia hakuwa mgeni wa mateso. Alihudumu katika jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akarejea na kuingia katika vyama vya wafanyakazi. Oktoba 1952 alitiwa mbaroni, akashtakiwa Kapenguria na kufungwa Lokitaung. Aliachiliwa mwaka 1961.

Uchaguzi wa 1963 ulimpa kiti cha Kandara, na serikali mpya ikamteua waziri msaidizi wa Elimu. Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Watu waliopoteza ardhi wakiwa msituni au vizuizini walitakiwa kununua mashamba ya walowezi kwa mkopo. Kaggia alishikilia kwamba si haki mtu auziwe kile alichopigania. Waziri msaidizi hutarajiwa kuutetea msimamo wa serikali, naye alilijua hilo. Hata hivyo aliendelea kuwasemea maskwota waziwazi. Mei 1964 Rais alimwandikia akimtaka anyamaze au ajiuzulu. Hakunyamaza, na mwezi uliofuata wadhifa ukamtoka.

Gharama iliongezeka. Mwaka 1966 alijiunga na chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga, akapoteza kiti chake katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo. Mwaka 1968 alifungwa tena, safari hii na serikali ya Wakenya wenzake, kwa kuhutubia mkutano usio na kibali.

Mwaka 1969 alirudi Kanu. Wako waliomwona amesalimu amri, na si rahisi kuwalaumu. Lakini hata alipokabidhiwa bodi ya pamba miaka ya 1970, hakutoka humo akiwa tajiri.

Hadi alipofariki Machi 2005, Kaggia alikuwa mtu wa maisha ya kawaida, aliyejipatia riziki uzeeni kwa kinu cha kusaga mahindi.