Rebmann na Weupe wa Kibo

Hapa Njoro tukichora mlima wetu ukutani, kilele tunakipaka chokaa, na hakuna anayetuuliza kwa nini. Johannes Rebmann aliulizwa kwa miaka zaidi ya kumi.

Alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820, akafika Rabai karibu na Mombasa mwaka 1846. Hakuwa wa Kanisa letu. Alikuwa mmisionari wa Kiprotestanti. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kuja Uchaggani, aliona weupe juu ya mlima. Mwenyeji aliyemwongoza njia aliuita baridi tu. Rebmann, mtoto wa nchi ya theluji, aliutambua, akaandika alichokiona.

Kule London, Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikataa katakata: theluji gani karibu na ikweta? Rebmann hakubadili maneno yake. Mwaka 1862 Baron von der Decken alipanda zaidi ya mita 4,000 na kuthibitisha. Nishani ya dhahabu ya wanajiografia wa London alipewa Decken.

Rebmann alikuwa bado Rabai akiandika kamusi, huku macho yakififia. Alirudi kwao mwaka 1875 akiwa kipofu, akafariki mwaka uliofuata.