Jenerali Tombeur: mshirika aliyewatangulia Waingereza Tabora

Msikilizaji wa Gulwe anayepanda treni kwenda magharibi hupita Dodoma, Manyoni, Tabora na mwishoni hufika Kigoma. Mwaka 1916 reli hii ilikuwa tuzo iliyogombewa. Wajerumani, walioikamilisha mwaka 1914, walikuwa wanaipoteza. Waingereza na Wabelgiji, marafiki kwa mkataba, walikuwa kila mmoja akitazama kituo ambacho mwenzake angekifikia kwanza. Aliyeongoza upande wa Wabelgiji ni Charles Tombeur.

Kutoka Liège hadi Katanga

Tombeur alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Liège, Ubelgiji. Akawa afisa wa jeshi, na mwaka 1902 alikwenda Kongo, wakati huo ikiwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa Katanga, ambako alipanda vyeo hadi kuwa miongoni mwa wakuu wa utawala.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Ubelgiji ilitaka Kongo isihusike. Lakini Agosti 1914 Wajerumani walishambulia upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na huko Ulaya majeshi yao yaliikalia karibu Ubelgiji yote. Serikali ya Ubelgiji ikakimbilia Ufaransa. Kwa Wabelgiji, ardhi watakayoiteka Afrika ingekuwa karata yao siku ya kugawana. Tombeur akapewa jeshi la Kongo, Force Publique, alitengeneze liweze kupigana nje ya mipaka.

Urafiki wenye mashaka

Tombeur hakuwa na njia nzuri ya kupitisha mizigo upande wa Kivu, hivyo aliwategemea Waingereza wa Uganda kumpa wapagazi na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mwenye kuomba hudharauliwa. Maafisa wengi wa Uingereza waliwaona Wabelgiji kama watu wa kusaidiwa, na walikumbuka ukatili uliofanyika Kongo enzi za Leopold. Nao Wabelgiji walihisi kwamba Waingereza wanataka damu ya askari wa Kongo lakini hawataki Ubelgiji ibaki na ardhi.

Ndivyo ilivyokuwa hata ziwani. Waingereza walileta boti ndogo zilizowashinda Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika, lakini kamanda wao aligombana na Wabelgiji na hakukubali kwenda nao kuishambulia meli kubwa ya Graf von Götzen bandarini Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe kabla Wabelgiji hawajafika. Meli hiyo baadaye iliibuliwa, na ndiyo MV Liemba tunayoijua.

Mbio za kwenda Tabora

Aprili 1916 Tombeur aliingiza vitani askari zaidi ya 10,000, karibu wote Waafrika. Kikosi cha kaskazini kiliongozwa na Kanali Molitor, cha kusini na Olsen, afisa kutoka Denmark. Kigali ilitekwa Mei, Kigoma mwisho wa Julai. Siku hizohizo jeshi la Waingereza chini ya Jenerali van Deventer liliingia Dodoma, kisha Agosti likashuka na reli kupitia Mpwapwa hadi Kilosa.

Ikabaki Tabora. Jenerali Crewe wa Uingereza aliteremka kutoka Mwanza, naye alitaka bendera yake itangulie. Walipaswa kwenda pamoja, lakini walikwenda kama washindani. Baada ya mapigano makali, Wajerumani wa Jenerali Wahle waliuacha mji, na tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia. Waingereza walifika kwenye reli siku chache baadaye.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Waingereza walilalamika kwamba askari wa Kongo wanapora, na kwamba Tombeur amesimama Tabora huku Wahle akienda zake upande wa Iringa. Kwa Tombeur, kazi aliyotumwa ilikuwa imekwisha. Februari 1917 Wabelgiji waliwakabidhi Waingereza mji wa Tabora. Miezi michache baadaye kikosi cha Wajerumani kilichochomoka kusini kiliwalazimisha Waingereza kuomba tena msaada wa Wabelgiji waliokuwa wanawasema.

Hesabu ya mwisho

Kwenye mazungumzo ya mwaka 1919, Ubelgiji ilipata Rwanda na Burundi. Lengo lake la awali lilikuwa kuzibadilisha kwa ardhi ya Wareno kwenye mdomo wa Mto Kongo, lakini mpango huo ulishindikana. Uingereza ilichukua Tanganyika, na Kigoma ikarudishwa mwaka 1921. Wabelgiji waliachiwa sehemu za bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mpaka wetu wa magharibi ulichorwa katika mapatano hayo, bila mkazi wa pande hizi kuulizwa.

Tombeur alirudi Katanga kama mtawala, kisha akastaafu. Mfalme alimpa cheo cha ubaroni, na jina la Tabora likaunganishwa na lake. Alifariki Brussels mwaka 1947, na sanamu ya kumbukumbu yake ilijengwa katika mji huo.

Waliobeba ushindi huo hawakupata sanamu. Upande wa Wabelgiji peke yake, zaidi ya watu 200,000 walichukuliwa kuwa wapagazi, baadhi kwa siku chache, wengine hadi kufa njiani. Huku Ugogo, majeshi ya pande zote yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana. Mvua ilipokosekana, maghala yalikuwa matupu, ikaja njaa ambayo wazee waliiita Mtunya, kuanzia mwaka 1918 hadi 1920. Wakubwa wawili waligombana nani aliyetangulia kituoni. Aliyelipa gharama ya safari ni mkulima aliyekuwa kando ya reli.