Joseph Haydn na Kikapu cha Unga

Mtoto wa hapa Songwa akipata debe tupu na vijiti viwili, hamwachi mtu apumzike. Nasi wakubwa hufanya haraka kumfukuza. Mtoto wa namna hiyo alizaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, nchi ya Austria, akaitwa Joseph Haydn.

Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu ya magari. Hakujua kusoma noti, lakini jioni alipiga kinubi kwa kusikia tu, na watu wa nyumbani wakaimba. Joseph hakuwa na fidla. Alitwaa kijiti akaukwangua mkono wake wa kushoto, kama alivyomwona mwalimu wa kijiji akipiga fidla yake. Siku moja jamaa yao, mwalimu wa mji wa Hainburg, aliutazama mchezo ule, akaona kwamba kijiti cha mtoto hakipotezi mwendo wa wimbo. Akamwomba kwa wazazi wake, akaenda naye. Joseph alikuwa na umri wa miaka sita hivi. Huko alifundishwa mengi, ingawa viboko vilizidi chakula.

Basi, siku za maandamano ya kanisa zilipokaribia, mpiga ngoma alikufa, wala hapakuwa na mwingine. Mwalimu akamwonyesha Joseph namna ya kupiga, kisha akamwacha peke yake. Mtoto hana ngoma! Akatwaa kikapu cha unga, akakifunika kwa kitambaa, akakiweka juu ya kiti kizuri, akapiga kwa furaha hata asione kwamba unga unaruka na kiti kinaharibika. Mwalimu alipokuja alikasirika sana. Lakini alipomsikiliza, hasira ikampungua, maana mpiga ngoma amepatikana. Na kwa kuwa mtoto alikuwa mdogo mno, siku ile ngoma ilibebwa na mtu mfupi mwenye kibyongo, ili aweze kuifikia. Watu wakacheka, naye akapiga.

Baadaye aliimba katika kanisa kuu la Vienna, hata sauti yake ya kitoto ilipokwisha akatolewa, akakaa katika umaskini. Mwaka 1761 aliingia katika utumishi wa wakuu wa ukoo wa Esterházy, akawatumikia karibu miaka 30. Alitunga simfonia zaidi ya 100. Kabla ya kufa kwake mwaka 1809 alisafiri mara mbili kwenda London. Na simfonia moja aliyowasikilizisha watu wa huko mwaka 1795 huanza kwa ngoma peke yake, vyombo vingine vyote vikiwa kimya.