Joginder Singh, Fundi wa Kericho

Mwaka jana kaka yangu alinunua gari kuukuu lililonizidi umri. Hata mwezi haujaisha, akataka liwe na mbio. Akapeleka kichwa cha injini kikakwanguliwa ili hewa na petroli zibanwe zaidi, akafunga kabureta kubwa, kisha akaitoa chujio ya hewa, ati injini ipumue. Lo! Wiki mbili lilikimbia kama swara. Ya tatu likaanza kugonga, gasketi ikaungua, maji yakaingia kwenye oili. Fundi alipofungua, kumbe vumbi nalo lilikuwa limeshazikwaruza silinda. Pesa alizoahidi kunilipia karo zikaishia gereji, na baba akauza mtamba wetu ili nirudi shuleni.

Ni jioni hiyo baba aliponieleza habari za Joginder Singh. Alimwona mara moja tu, mwaka wa 1976, akiwa mtoto kando ya barabara ya vumbi.

Joginder alizaliwa Kericho mwaka wa 1932. Baba yake, Mzee Battan Singh, alikuwa na gereji, basi kijana akakua na spana mkononi. Mwaka wa 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, awe akizunguka barabarani kuwasaidia waliokwama. Mimi naona hapo ndipo alipopata chuo kikuu chake. Mtu anayekutana na magari yaliyozimika njiani siku nenda siku rudi hujua yanazimwa na nini: plagi chafu, mkanda wa feni uliokatika, radieta iliyoziba. Mara chache sana huwa ni upungufu wa nguvu.

Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka wa 1953, hayakuwa mchezo. Yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua ikinyesha, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Katika mashindano ya namna hiyo, anayefika tu tayari ni shujaa.

Mwaka wa 1965 Joginder na nduguye Jaswant walijitosa na Volvo PV544. Si jipya, jamani! Lilikuwa limeshashiriki Safari ya mwaka uliotangulia, mikononi mwa timu ya kiwanda. Injini yake ilikuwa ya lita 1.8, silinda nne, na krenkishafti iliyoshikwa na beringi tano, wakati injini nyingi za kadiri yake zilikuwa na tatu. Ndiyo kusema ilistahimili kuendeshwa kwa kasi saa nyingi bila kupinda wala kutetemeka. Chuma imara kilikuwepo tayari, kilichohitajika ni fundi wa kukitunza na dereva anayesikia injini ikilalamika kabla haijafa. Joginder alikuwa wote wawili. Wakaondoka wa kwanza, wakiwa na namba 1 mlangoni, na wakarudi Nairobi washindi. Akawa dereva wa kwanza asiye Mzungu kushinda Safari.

Wapo wanaosema ilikuwa bahati. Haya, mwaka wa 1974 alirudi na Mitsubishi Lancer ya lita 1.6 tu, akamwacha Björn Waldegård wa Uswidi katika nafasi ya pili na Porsche 911 yake, yenye injini kubwa zaidi. Mwaka wa 1976 akashinda tena, na Lancer zikachukua nafasi zote tatu za mbele. Hakuna aliyekuwa ameshinda mara tatu kabla yake. Lakini hesabu inayonishangaza mimi ni nyingine: aliingia Safari mara 22 na akamaliza 19.

Alifariki London, Oktoba 2013.

Kaka alikaa kimya hadithi ilipokwisha. Juzi nilimkuta amelala chini ya gari akibadilisha oili, na chujio mpya ya hewa imo mahali pake. Kabureta kubwa ameificha chini ya kitanda. Baba hajui, nami sijamwambia.