Jean Perrin: Usahihi Wake na Kosa Lake

Wanafunzi wetu hukariri kwamba maada imeundwa kwa molekuli, wakajibu hivyo mtihanini na kupata alama. Ni wachache mno wanaoelezwa jinsi jambo hilo lilivyothibitishwa. Mimi ni mtu wa isimu, wala si wa fizikia, lakini nashikilia kuwa maisha ya Jean Perrin yanastahili nafasi madarasani, tena yasimuliwe pamoja na kosa lake.

Perrin alizaliwa mwaka 1870 mjini Lille, Ufaransa. Alipokuwa akifundisha Paris, wataalamu mashuhuri, miongoni mwao Wilhelm Ostwald, walikuwa bado wakikana kuwapo kwa atomu. Perrin alitwaa utomvu wa manjano ambao wachoraji waliutumia kama rangi, akautia majini, akatenga chembe zilizolingana kwa ukubwa, kisha akazichungulia kwa hadubini. Chembe hizo hazikutulia, kwani zilisukumwa huku na huku na molekuli za maji zisizoonekana. Yeye na wasaidizi wake walitia alama mahali chembe ilipokuwa kila baada ya sekunde 30, wakaunganisha alama hizo kwa mistari, wakapima. Hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na penseli na subira. Mwaka 1905 Einstein alikuwa amekokotoa kwamba muda ukiongezeka mara 4, umbali wa wastani huongezeka mara 2 tu. Vipimo viliafiki hesabu hiyo, na kwavyo Perrin akakadiria idadi ya molekuli. Kufikia mwaka 1909 Ostwald alikuwa amesalimu amri. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 1926.

Lakini mwaka 1919 Perrin huyo huyo alidai kuwa molekuli za gesi huvunjika kwa kuchochewa na nuru itokayo kwenye kuta za chombo, wala si kwa kugongana. Alikuwa na sababu: gesi fulani ikipunguzwa shinikizo, migongano hupungua, ilhali kasi ya kila molekuli kuvunjika haibadiliki. Irving Langmuir alionyesha kuwa nuru hiyo haitoshi. Mwaka 1921 Frederick Lindemann akaeleza kwamba molekuli iliyogongwa haivunjiki papo hapo; aghalabu mgongano mwingine huipokonya nishati kabla haijavunjika. Naam, nuru huvunja molekuli nyingine nyingi, ila si hizo. Mwalimu anayesimulia habari za utomvu na kuficha za nuru huwapa wanafunzi mtakatifu badala ya mwanasayansi.

Wajerumani walipoivamia Ufaransa, Perrin alikimbilia Marekani, akafariki New York mwaka 1942. Mwaka 1948 mabaki yake yalizikwa Panthéon, Paris.