Augustin Fresnel na mwangaza unaorudi

Ndugu mwanafunzi, weka maji safi mu beseni, fasi ya wazi. Simama karibu, angalia ndani: unaona chini ya beseni. Sasa rudi nyuma, uiname mpaka macho yakaribie usawa wa maji. Chini haionekani tena. Maji yamekuwa kioo, unaona mbingu. Na maji ni yale yale! Mwenye kupata hesabu ya jambo hili ni Mfransa mmoja, Augustin Fresnel.

Alizaliwa mwaka 1788 kule Broglie. Alikuwa mtoto wa afya dhaifu, tena mzito wa kusoma: alifika miaka 8 hajasoma vizuri. Lakini mikono yake ilikuwa na akili. Pinde alizotengeneza za kuchezea zilikuwa na nguvu sana, hata wazazi wakazikataza.

Akawa injenieri wa barabara. Mwaka 1815 Napoleon aliporudi kutawala, Fresnel alimpinga, akaondolewa kazini. Basi akarudi kwa mama yake, akaanza kupima mwangaza kwa vyombo vidogo. Wakati ule wakubwa wengi wa fizike walisema mwangaza ni chembechembe. Yeye alionyesha ya kuwa ni mawimbi, na mwaka 1819 Akademia ya Sayansi ya Paris ilimpa zawadi.

Mu Januari 1823 akapeleka kwa Akademia andiko juu ya mwangaza unaorudi. Mwangaza ukianguka wima juu ya maji, karibu sehemu 2 tu kwa 100 zinarudi, zingine zinaingia. Kadiri unavyoanguka kwa kulala, zinazorudi zinaongezeka. Ukilala kabisa, karibu zote zinarudi. Ndiyo sababu mangaribi ziwa linawaka vile.

Mwaka ule ule lenti yake kubwa iliwashwa kwenye mnara wa taa wa Cordouan, baharini, mbele ya mlango wa mto Gironde. Vioo vya zamani vya minara vilimeza mwangaza mwingi. Lenti yake iliupeleka mbali kwa mabaharia.

Lakini lile andiko? Lilipotea mule mule Akademia. Fresnel alikuwa na kifua kikuu, akafa tarehe 14 Julai 1827, mwenye miaka 39, bila kuliona limechapwa. Kisha Fourier, katibu wa Akademia, naye akafa mwaka 1830. Walipopanga karatasi zake, kumbe lilikuwa humo. Likachapwa mwaka 1831.